Bunduki za Vitabuni na Nyati wa Kweli

Kabla sijafikisha miaka thelathini nilikuwa nimekwisha kuua tembo wengi kuliko mtu yeyote wa Bariadi, na wote niliwaua nikiwa nimelala kitandani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina chumba kimoja, taa ya chemli, na vitabu sita vya Kiingereza nilivyovinunua kwa muuza vitu vikuukuu mjini Mwanza. Vilikuwa vitabu vya wawindaji wa zamani, majalada yamelika na mchwa, na ndani yake mna picha za watu wenye kofia pana wamekaa juu ya nyati aliyekufa. Mzungu aliyeviacha nchini sikupata kumjua. Nilijua tu kwamba kila nilipozima taa, kumi na mbili za usiku zilikuwa zangu, nami nilikuwa na bunduki ya mitutu miwili begani.

Jambo la kuchekesha ni kwamba miaka hiyo uwindaji wenyewe haukuwapo kisheria. Mwezi Septemba 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote nchini, wa watalii na wa wenyeji, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1978. Kwa hiyo ndoto zangu zilinoga katika miaka ambayo hata mwenye bunduki na fedha hakuweza kwenda porini. Labda ndiyo sababu zilinoga hivyo.

Nilizijua bunduki kwa namba, kama watoto wa siku hizi wanavyozijua jezi za wachezaji. Nilijua kwamba kiwanda cha Rigby cha London kilitoa risasi ya .416 mwaka 1911, na kwamba Holland & Holland walifuata 1912 na ile ya .375, ambayo baadaye ikawa kama kipimo cha chini cha bunduki ya kumwendea nyati au tembo katika nchi nyingi za Afrika. Nilijua uzito wa kichwa cha risasi, nilijua mahali pa kulenga. Nilimpenda zaidi Walter Bell, yule aliyeitwa ‘Karamoja’ Bell, ambaye aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7 tu. Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, kisha akawa anapiga hapo. Kwangu mimi huyo alikuwa fundi wa mafundi. Kwamba tembo 1,000 ni meno 2,000, na kwamba meno hayo yaliuzwa, hilo sikulifikiria sana usiku.

Nikisoma vitabu hivyo leo naona jambo jingine. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909, baada tu ya kumaliza urais wa Marekani, alikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Wanyama hao wameorodheshwa mmoja mmoja, kila aina na idadi yake. Wapagazi ni wapagazi tu. Ni wachache kati ya wale waliobeba bunduki, waliosoma nyayo na waliomwonyesha bwana mnyama yuko wapi ambao majina yao yamehifadhiwa, na wengi waliitwa ‘boi’ ijapokuwa walikuwa na wajukuu. Mwandishi Stewart Edward White alipita upande wa kaskazini wa Serengeti mwaka 1913 na kitabu chake akakiita kwa maneno yenye maana ya nchi iliyogunduliwa upya. Nani alikuwa ameisahau hata igunduliwe upya? Ng’ambo ya magharibi, mwendo wa siku chache, walikuwako watemi wa Ntuzu, Kanadi na Itilima na watu wao, na watu hao walikuwa wanawinda.

Hapa sina budi kueleza kidogo habari za uwindaji wa Usukumani, kwa sababu hakuna kati ya vile vitabu sita kilichoutaja.

Sehemu nyingi za Usukuma na Unyamwezi, ukiwauliza wazee utemi ulianzaje, watakusimulia habari za mwindaji. Alitoka mbali na mbwa wake, akaua mnyama mkubwa, akagawa nyama kwa watu waliokuwa na njaa, nao wakamwambia akae awatawale. Iwe kweli au hadithi, inaonyesha watu walidhani ukubwa unatoka wapi: si katika kuua bali katika kugawa. Kisha kulikuwako vyama. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo, wenye dawa zao, nyimbo zao na taratibu za kumwingiza mwanachama mpya. Banunguli waliwinda nungunungu waharibifu wa mashamba, na kazi yao hata kuisikia inatisha: mtu huingia kwa tumbo ndani ya shimo la mnyama, gizani, ana mkuki mfupi mkononi. Bayeye walikuwa mafundi wa nyoka. Vyama hivi vilikuwa na ngoma kali, na uwindaji ulipobanwa na sheria ngoma zilibaki. Kijana wa leo akiona mchezo wa chatu uwanjani wakati wa sikukuu baada ya mavuno, anaona mkia wa jambo ambalo kichwa chake kilikuwa porini.

Silaha zilikuwa upinde, mishale ya sumu na mkuki. Bunduki ziliingia kwa wingi katika karne ya 19 pamoja na biashara ya pembe. Wanyamwezi walizileta kutoka pwani, na Mirambo alijenga dola kwa bunduki hizo na kwa vijana wake walioitwa rugaruga. Zilikuwa magobore ya kushindilia kwa mdeki. Mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels mwaka 1890 yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika. Basi gobore likabaki kuwa bunduki ya mtu mweusi kwa miaka mingi, na wahunzi wetu wakajifunza kulitengeneza upya kwa bomba la chuma. Upinde nao haukufa. Sungusungu walipoanza Shinyanga mnamo 1981 na 1982 kupambana na wezi wa ng’ombe, walitoka na pinde na mishale, na wezi walizielewa vizuri sana.

Nyati wangu wa kwanza wa kweli alikuja Agosti 1984. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka huo. Ukame ulikuwa umekwisha kutupiga, sukari na sabuni zilikuwa za kuviziwa, na tulikuwa tunakula ugali wa unga wa njano wa msaada, uliopewa jina la ‘yanga’ kwa sababu ya rangi yake. Jirani yangu mmoja, dereva mstaafu niliyekuwa nikimwita Mjomba ingawa hatukuwa ndugu, alikuwa na bunduki ya .375 yenye kibali. Alilipia leseni ya nyati mmoja kwa Bwana Nyama, kama tulivyozoea kumwita afisa wa wanyamapori, akaniambia, “Mwalimu, wewe unazijua sana bunduki kwa mdomo. Njoo unibebee hii moja uijue kwa bega.”

Tulikuwa watu wanne. Mjomba, mimi, utingo wake wa zamani ambaye alikuwa Mwislamu mshika dini, na mzee mmoja mwembamba ambaye sote tulimwita Guku, yaani babu. Baba yake Guku alikuwa katika chama cha Bayege. Yeye mwenyewe hakuwa na bunduki, hakuwa na viatu ila ndara za matairi, na alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye majivu. Tuliondoka saa tisa usiku kwa gari la kuazima, tukaliacha kwenye kijiji cha mwisho upande wa mto Duma, tukaanza kutembea nje ya mpaka wa Pori la Akiba Maswa, ambalo lilitengwa mwaka 1962.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba bunduki ni nzito. Vitabu vilikuwa vimeniambia kilo nne na ushei, nami nilikuwa nimelisoma hilo kama mtu anavyosoma bei ya kitu asichokusudia kununua. Kufika saa tano asubuhi kilo hizo nne zilikuwa zimekwisha kuwa kumi, mkanda umenichuna bega la kulia, nikahamishia la kushoto, likachunika nalo. Mbung’o walituuma kupitia mashati. Ukimpiga mbung’o haufi, lazima umsokote. Na kimya! Katika ndoto zangu nilikuwa nikizungumza na watu wangu porini. Siku ile hatukusema maneno kumi tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Kitu cha pili kilikuwa majivu. Kila baada ya hatua chache Guku alikitikisa kile kifuko, wingu dogo jeupe likatoka, naye akalitazama linaelekea wapi. Lilipogeuka kutuelekea kisogoni, alisimama, akatikisa kichwa, tukarudi nyuma na kuzunguka upya mwendo wa saa nzima. Siku ya kwanza iliisha hivyo. Tuliona kinyesi cha nyati, tuliona mahali walipolala, tuliona matope yaliyopakwa kwenye shina la mgunga bado mabichi. Nyati wenyewe hatukuwaona. Tulilala chini ya mti bila moto mkubwa, tukala viazi vikavu vya kuchemsha ambavyo sisi tunaviita michembe, na Mjomba akaniuliza kwa sauti ya chini kama vile vitabu vyangu vilikuwa na ukurasa wa siku ya namna hii.

Siku ya pili, kama saa mbili asubuhi, Guku alisimama ghafla. Mimi sikuona kitu. Aliinua kidole kidogo tu kuelekea kichaka ambacho kwangu kilikuwa kichaka, mpaka kipande kimoja cha kichaka kilipotikisa sikio. Walikuwa madume watatu wazee, wamejitenga na kundi. Mjomba alichukua bunduki begani mwangu bila kugeuka kunitazama. Alipiga kutoka kama hatua sitini.

Sauti ya bunduki ile ukiwa pembeni yake haiandikiki. Niliona vumbi, nikasikia matawi yakivunjika, kisha pakawa kimya. Mimi nilikuwa tayari kukimbilia mbele. Guku alikaa chini. Akatoa tumbaku, akasokota sigara, akaivuta taratibu mpaka mwisho, akasokota nyingine. Ndipo tukaenda. Kwenye majani alichovya kidole katika damu akatuonyesha: ilikuwa nyekundu ya kung’aa yenye mapovu. Maana yake mapafu. Kama ingekuwa nyeusi au imechanganyika na majani ya tumboni, alituambia baadaye, angetukalisha mpaka saa sita, kwa kuwa nyati wa namna hiyo hujificha karibu na njia yake mwenyewe akawangoja wanaomfuata.

Tulimkuta kama hatua mia mbili mbele, ameanguka, macho wazi, anapumua kwa kukoroma. Hapo ndipo yalipotokea mabishano ya kunong’ona ambayo hayamo katika kitabu chochote. Utingo alikuwa na kisu tayari; alitaka amchinje kabla hajakata roho, maana bila hivyo nyama ile kwake ingekuwa haramu. Guku alimshika mkono. Nyati anayepumua si nyama, alisema, ni nyati. Mjomba akapiga risasi ya pili kwenye shingo. Mnyama akatoa mlio mrefu wa huzuni, kama ng’ombe aliyepotea ndama, mlio ambao wawindaji wote wanaujua kuwa ni wa mwisho. Utingo akafuta kisu chake kikavu kwenye suruali. Siku tatu zilizofuata alikula maharage, akabeba nyama mgongoni kama sisi, na hakunung’unika hata kidogo. Katika safari ile yeye ndiye niliyemheshimu kuliko wote.

Kuchuna kulituchukua mpaka jioni. Dume la nyati hutoa zaidi ya kilo mia mbili za nyama, na chumvi ilikuwa ya shida mwaka ule, kwa hiyo tulikata vipande virefu tukavikausha kwenye matawi, jinsi wanavyofanya wale wanaouza kimoro kwa siri. Mikono yangu ilinuka siku nne. Hakuna hata mmoja wa mabwana wale wa vitabuni aliyewahi kuandika kwamba mikono yake ilinuka. Walikuwa na watu wa kunuka kwa niaba yao.

Tulipofika nyumbani nyama iligawanywa. Guku ndiye aliyegawa, wala hakuna aliyemwambia agawe. Mjomba alipata ngozi na pembe pamoja na fungu lake. Wazee walipata mbavu, wajawazito walipata maini, na kila mlango wa mtaa wetu ulipata kitu, hata wa watu ambao Mjomba hakuwa akisalimiana nao. Mlango mmoja tu ulikataa. Ulikuwa wa mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa gerezani. Kijana huyo alikamatwa na mitego ya waya na mguu wa nyumbu, akahukumiwa. Nilimpelekea fungu lake mimi mwenyewe, kwa kuwa kijana yule nilikuwa nimemfundisha darasa la nne. Tulisalimiana vizuri, “Mwangaluka,” akanikaribisha kiti, akaitazama ile nyama. Kisha akasema: “Mwalimu, nyama yenu ina karatasi. Ya mwanangu haikuwa na karatasi. Zote zilikuwa zinakula majani.”

Sikuwa na la kumjibu, nikaondoka na nyama yangu. Lakini neno lile ‘karatasi’ lilinifanya nitafute historia yake, na naweza kusema kwamba tangu siku hiyo niliacha kusoma habari za bunduki nikaanza kusoma habari za leseni, jambo ambalo halina picha nzuri ila lina faida kubwa zaidi.

Karatasi hiyo ililetwa na Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya wanyama katika koloni, akaweka leseni na kutenga maeneo ya hifadhi. Waingereza walifuata na sheria yao 1921, wakaibadili 1951; Tanzania huru ikatunga ya kwake 1974, na nyingine mwaka 2009. Katika kila sheria bei na masharti vilimfaa mwenye bunduki ya kisasa. Mwenye mtego, shimo au mshale wa sumu aliwekwa upande wa wahalifu, ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwepo kwanza. Sina budi pia kuwa mwadilifu: sheria haikutungwa bure. Katika miaka ya 1920 watu walikuwa wanafika Serengeti kwa magari na kupiga simba kama mtu anayeangua maembe. Denys Finch Hatton, ambaye mwenyewe alikuwa akiongoza wawindaji matajiri, alipiga kelele magazetini huko Uingereza dhidi ya mauaji hayo, na mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikatengwa. Nakumbusha tu kwamba magari yale hayakuwa ya Wasukuma.

Wala idadi ya nyumbu haikupungua kwa sababu ya waya za akina kijana yule peke yao. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng’ombe, nyati na nyumbu pamoja, ikabaki katika mbuga hizi kwa miongo mingi. Ilipotokomezwa kwa chanjo ya ng’ombe wa wafugaji, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja katika miaka ya 1970. Chanjo ya ng’ombe wa maskini ndiyo iliyowajaza nyumbu mbuga nzima. Nilimweleza Guku jambo hili miaka michache baadaye, akacheka sana.

Mimi mwenyewe nilipata leseni mwaka 1986 nikapiga nyamera mmoja, kwa risasi moja, akaanguka palepale. Wakubwa wa vitabuni wangeipa siku ile aya nzima. Ninachokumbuka ni uzito wake njiani.

Kisha zikaja siku mbaya. Kufika 1989 tembo walikuwa wanauawa kwa bunduki za kivita, na Serikali ikaanzisha Operesheni Uhai, wanajeshi na polisi wakaingia porini pamoja na askari wa wanyamapori. Mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Tembo wakaongezeka, kisha wakaangamizwa tena: hesabu ya 2009 ilionyesha kama 109,000 nchini, ile ya 2014 ikaonyesha kama 43,000. Aliyefanya kazi hiyo si mwenye gobore wala mwenye mshale. Guku alifariki kabla ya mambo hayo ya pili, akiwa na kifuko chake ukutani.

Bariadi nayo ilibadilika. Mwaka 2012 tukatoka Shinyanga tukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, tukapata lami na ofisi za vioo. Mashamba ya pamba yamefika hatua chache kutoka mpaka wa pori, ambao wenyewe umesogezwa zaidi ya mara moja ili kuwapa watu ardhi. Kule Meatu, Makao, vijiji vilitenga ardhi yao kuwa jumuiya ya hifadhi, na sehemu ya fedha za wawindaji wa kigeni hurudi kwao. Wengine wanasema ni nyingi, wengine wanasema ni harufu tu. Nimekwenda huko mara mbili na nimesikia yote mawili katika baraza moja.

Tembo sasa wanatoka Maswa na Serengeti usiku na kuingia katika mahindi ya watu wa Itilima, Meatu, Busega na hata kwetu. Watu hawana bunduki wala Bayege. Wanapiga madebe, wanachoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha ng’ombe, wanapiga simu kwa askari na kungoja. Aliyeharibiwa shamba hujaza fomu ili alipwe kile kinachoitwa kifuta jasho, na aliyefiwa na mtu wake hujaza ya kifuta machozi. Mwaka jana niliombwa na jirani nimsaidie kujaza yake, kwa kuwa mimi bado ni mwalimu machoni pao. Tuliandika ekari mbili za mahindi. Mahali pa kueleza aina ya mnyama aliniuliza aandike tembo wangapi, nikamwambia ahesabu nyayo. Tukaenda pamoja shambani asubuhi ile, mimi na fimbo yangu, nikainama kutazama jinsi kingo za nyayo zilivyoanza kumomonyoka, upande ambao mabua yalikuwa yameangukia, na kinyesi kilichokuwa bado na unyevu ndani. Walikuwa watano, mmoja mdogo, na walikuwa wameondoka kabla ya jogoo la pili, upepo ukiwavumia usoni.